Hujabadilisha Kitu, Nikulipe Nini?

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta za zamani zimeanza kutolewa makabatini. Mhasibu analeta yake, mwalimu analeta yake, padri naye katuma kijana na laptopu iliyofungwa kwenye kitenge. Wengi wameshasikia mtaani kwamba dawa ni kuweka SSD. Kwamba mashine iliyokuwa ikiwaka kwa kusuasua itachangamka, hilo ni kweli. Kwamba itakubali Windows 11 kwa sababu tu imepata diski mpya, hapana. Windows 11 inadai prosesa ya miaka ya karibuni pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na diski haikuongezei hata kimoja kati ya hivyo. Lakini hilo tuliache. Lililonirudisha nyuma ni ugomvi niliourushiwa mwenyewe niuamue, kwenye duka la kijana niliyemfundisha kazi.

Mteja alinunua SSD, akaifunga kwa kufuata video, mashine haikuiona. Akaja akiwa ameshahukumu kwamba diski ni mbovu na aliyemuuzia ni tapeli. Kijana akafungua kasha, akasogeza tochi, akachomoa kebo kwenye tundu moja la bodi na kuichomeka tundu la pili. Diski ikaonekana. Akataka elfu kumi na tano. Mteja akacheka kicheko kile cha kutoamini masikio.

"Hujabadilisha kitu, nikulipe nini?"

Wakanigeukia mimi, mwenye mvi. Nikasema elfu tano, yule bwana akaiweka mezani na kuondoka na mashine yake. Kijana alinyamaza mpaka jioni, kisha akaniambia, "Mwalimu, ningemwambia bodi imeungua angelipa elfu themanini na asante juu." Nilijua anasema kweli, na nilijua kwa nini.

Mimi nilianza mwaka 2002, Kariakoo, kwenye chumba cha juu karibu na Mtaa wa Msimbazi, chini ya mzee aliyekuwa ametengeneza redio na televisheni kabla kompyuta hazijamfuata. Wakati huo intaneti kafe zilikuwa zikifunguliwa kila kona, na wenye kafe walikuwa wakinunua kompyuta za mtumba kutoka Dubai zikiwa na diski ndogo, giga nne, giga sita. Baada ya muda wanataka kuongeza ya giga arobaini. Basi foleni yetu asubuhi ilikuwa ya watu wenye kisanduku kipya mkononi na malalamiko yaleyale: nimeweka mpya, sasa hata ile ya zamani imepotea.

Waliozaliwa juzi hawakuzikuta diski za IDE. Diski mbili zilikaa kwenye waya mmoja bapa, mpana, wenye mstari mwekundu pembeni, na ili zisigombane ilibidi moja iwe masta na ya pili ifuate. Uamuzi huo ulifanywa na jampa, kidude cha plastiki chenye chuma ndani, kidogo kama punje ya mchele, kilichobanwa kwenye pini nyuma ya diski. Mara nyingi diski mpya ilitoka kiwandani ikiwa imepangwa kuwa masta. Ya zamani nayo ilikuwa masta tangu siku zote. Kompyuta ikiita, zinaitika zote mbili kwa pamoja, na kinachofika ni kelele. Kwenye kioo unaona patupu, au unaona jina la diski limeandikwa kwa herufi zilizochanganyikana. Hapo hakuna mbovu. Ni vitu viwili vizima ambavyo havijaambiwa nani aanze.

Mzee alikuwa na mpangilio wake, na hakuruhusu mtu auruke. Kwanza anaiwasha mashine na kuweka kiganja juu ya diski: inazunguka? Ikizunguka, umeme unafika. Halafu anatazama waya, mstari mwekundu uwe upande wa pini ya kwanza. Halafu BIOS, programu iliyo kwenye bodi yenyewe: inaliona jina la diski? Mwisho kabisa ndiyo anafika kwenye Windows. Mafundi wengi niliowakuta baadaye huanzia mwisho, wanafuta Windows na kuiweka upya, kisha wanashangaa tatizo bado lipo. Ukianzia chini, kila hatua inakufungia mlango mmoja wa mashaka, na kwa kawaida hufiki hatua ya nne.

Siku moja alichukua kibanio cha nyusi, akahamisha jampa, mashine ikawaka ikiwa na diski zote mbili. Dakika chache. Akaizima, akaisukuma chini ya meza, akampigia mteja simu. "Njoo kesho jioni." Nikamuuliza kwa nini, na mashine imeshapona.

"Mwanangu, akija sasa atalipa dakika tano. Akija kesho atalipa kazi."

Watu husema mafundi ni waongo, ukiambiwa kesho jua ni wiki ijayo. Uongo upo, sitaufunika. Ila sehemu ya ile "njoo kesho" ilizaliwa hapo: mteja hakubali kulipia kujua, kwa hiyo kujua kunavishwa nguo za muda ili kufanane na jasho.

Mteja aliyenifundisha zaidi alikuwa wakili. Kompyuta yake ilikuwa ya mwaka 1998, naye alinunua diski ya giga 40. Kila ukiwasha, mashine inahesabu kumbukumbu, inaanza kutafuta diski, inakwama papo hapo. Ukichomoa diski inaendelea. Nani asingesema diski ni mbovu? Mzee aliichomeka kwenye mashine mpya zaidi, ikafanya kazi bila neno. Kumbe BIOS za Award za miaka ile, nyingi zilikuwa hazijui kuhesabu kupita giga 33.8. Zikikutana na diski kubwa kuliko hiyo zinapotelea kwenye hesabu na hazirudi. Watengenezaji wa diski walilijua hilo, wakaweka mpangilio maalumu wa jampa wa kuifanya diski ijitambulishe kama ndogo. Tukaiweka, mashine ikawaka.

Kosa letu, kama ni kosa, ni kwamba tulimweleza ukweli. Wakili alikuwa ameshaona kwenye mashine nyingine kwamba diski yake ya giga 40 inasomeka 37. Sasa anaambiwa atapata 32 hivi. "Dukani wamenipunja tatu, na nyinyi mnanipunja tano nyingine, halafu mnataka hela?" Mzee akachukua karatasi. Kiwandani giga moja ni baiti 1,000,000,000. Windows inaita giga moja baiti 1,073,741,824. Gawa bilioni arobaini kwa hiyo namba ya pili utapata 37 na ushee. Hakuna aliyeiba. Ndiyo maana hata leo diski ya tera moja husomeka giga 931, na hata leo kuna watu wanairudisha dukani.

Wakili alikubali hesabu lakini hakukubali bili. Mzee akatafuta programu mpya ya BIOS ya bodi ile, akaiingiza kwa flopi, diski ikarudi na ukubwa wake wote. Kazi ya hatari ile, umeme ukikatika katikati bodi imekufa. Hakulipwa kitu zaidi, kwa sababu kwa macho ya mteja flopi iliingia na flopi ikatoka.

Jambo lenyewe lilinikaa. Nilikuja kujifunza kwamba kuta za namna hiyo zilikuwepo nyingi: mashine za awali ziliishia megabaiti 504, zilizofuata giga 8.4, kisha hiyo 33.8, kisha giga 137, kisha tera 2.2. Kila ukuta uliwekwa na mtu mwenye akili aliyeamini hakuna atakayefika hapo. Siwalaumu. Diski ya kwanza ya IBM, mwaka 1956, ilikuwa na uzito wa tani moja hivi na ilibeba herufi milioni tano tu. Anayetoka huko akiona giga nane ana haki ya kudhani amefika mwisho wa safari. Lakini maana yake kwa fundi ni kwamba diski mpya mara nyingi husingiziwa ubovu ambao ni umri wa mwenyeji wake.

Kuta hizo hazikuisha na flopi. Miaka kadhaa baadaye dada mmoja mwenye studio ya video za harusi aliniletea diski ya tera tatu ambayo sehemu yake kubwa ilitumika, na giga 746 zikabaki pembeni zimepakwa rangi nyeusi, hazitaki kuguswa. Ile ilikuwa tera 2.2 tena: diski ilikuwa imepangwa kwa mtindo wa zamani wa MBR, na dawa ni kuipanga kwa GPT. Nilimpangia, akanilipa kwa pilau na picha. Wasanii wanaelewa kazi isiyoonekana.

Mwanzoni mwa 2010 niliitwa Unguja. Waliokuwepo watakumbuka: kisiwa kilikaa gizani tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka bara ulipoharibika. Mji Mkongwe ulikuwa unanguruma. Kila kichochoro jenereta, kila baraza harufu ya petroli. Nyumba ya wageni iliyoniita ilikuwa imeshabadilisha diski mara mbili kwenye kompyuta ya mapokezi, zote mpya, zote zikafa. Meneja alizipanga juu ya meza. "Bwana fundi, karibu. Lakini nakwambia mapema, hizi diski za bara zote mbovu."

Niliomba kuisikia. Akawasha. Diski ikaanza kupanda mzunguko, ikafika mahali, tik, ikashuka. Ikapanda tena, tik, ikashuka. Sauti hiyo kila fundi anaiogopa, maana mara nyingi ni vichwa vya kusomea vimeharibika, na hapo hakuna la kufanya mezani. Lakini diski mbili mpya, kwenye mashine moja, zikatoe sauti ileile? Nikazichukua zote hadi kwa jamaa Darajani mwenye kompyuta iliyokuwa ikila umeme wa UPS nzuri. Zikazunguka kimya. Nikaziacha zifanye kazi mchana kutwa, nikanakili faili kubwa kwenda na kurudi. Nzima.

Nikarudi na mita. Diski ya aina ile ya mezani ikianza kuzunguka huvuta karibu ampea mbili kwenye waya wa njano, ule wa volti 12. Ni sekunde chache, lakini ndizo sekunde ngumu kuliko zote. Kiwango kinaruhusu volti zishuke hadi 11.4. Nikabana ncha nyeusi kwenye waya mweusi, nyekundu kwenye njano, nikamwambia meneja awashe. Namba zikateremka hadi kumi na kitu, tik, zikapanda. Tukarudia, naye safari hii akainama kuitazama mita. Wakati tumeinama hivyo pampu ya maji kule nyuma ikaanza kazi, taa zikafifia, namba zikashuka zaidi na kompyuta nzima ikajizima.

Nikafungua pawa saplai. Kapasita zilikuwa zimevimba vichwa, mbili zimevuja maji ya kahawia. Pawa nzima ingeuvumilia ule mtikisiko wa jenereta, maana kazi mojawapo ya kapasita ni kushikilia umeme pale unapoyumba kidogo. Hizi zilikuwa zimechoka kwa joto na chumvi ya bahari, na pengine ziliikuta shida ya umeme zikiwa na shida zake. Diski ya zamani ilikuwa ndogo na nyepesi, ilimudu. Mpya ilidai zaidi, ikaonekana ndiyo mkorofi.

Nilinunua pawa nyingine, nikaifunga, nikawashauri pampu itafutiwe laini yake. Meneja alinilipa vizuri bila kubishana, na nadhani najua sababu: nilitoka pale nikiwa nimeshika pawa ya zamani mkononi. Ule mchana wa Darajani, mita, kusikiliza, vyote aliviona kama salamu kabla ya mazungumzo. Na kumbuka huyu ni mtu aliyekwishalipia diski mbili asizozihitaji, na aliyemuuzia hakuulizwa swali.

Mwaka uliofuata ulikuwa na somo la upande mwingine, maana sitaki ionekane kwamba diski mpya daima ni malaika. Oktoba 2011 mafuriko ya Thailand yalizamisha viwanda vya diski, na kwa kuwa nchi ile ilikuwa ikitengeneza sehemu kubwa ya diski za dunia, bei zilipaa. Kariakoo diski zikaadimika, halafu ghafla zikaonekana kwa wingi, za bei ya kati, kwenye mifuko ya fedha yenye kung'aa. Nilimnunulia mteja moja. Ilifanya kazi, lakini ilikuwa ikinguruma, na wakati wa kunakili ilikuwa ikisita.

Diski hujiwekea kumbukumbu zake yenyewe, kwa mfumo uitwao SMART, na kuna programu za bure kama CrystalDiskInfo za kuzisoma. Humo mna saa ambazo diski imekaa ikiwa imewashwa. Mna idadi ya sehemu zilizoharibika zikahamishwa. Mna hata makosa yanayotokea njiani kati ya diski na bodi. Namba hiyo ikipanda huku nyingine zimetulia, badilisha kebo ya bei ya soda na uache kumlaumu mwenye duka. Kwa ile diski yangu, saa zilizidi elfu ishirini na sita. Mwaka una saa 8,760. "Mpya" yangu ilikuwa imefanya kazi usiku na mchana kwa miaka mitatu mahali fulani, ikang'olewa, ikapanguswa, ikabandikwa lebo. Muuzaji alibadilisha baada ya kuoneshwa ile skrini, na hakushangaa sana. Siku hizi wapo wanaojua kuzifuta hizo saa. Wapo pia wanaouza diski za nje za tera mbili ambazo ndani mna kadi ndogo ya giga 64 iliyofundishwa kudanganya. Unajaza picha, jina la faili linaonekana, ndani hamna kitu. Ukinunua, ijaze yote kwa programu ya H2testw au F3 na uisome yote kabla hujaiamini na picha ya mtoto.

Na kuna wanaoharibikiwa bila tapeli wala mafuriko. Mwanafunzi wa uzamili alichomeka diski mpya akiacha ya zamani humohumo ndani, akafungua kifaa cha kupanga diski, akaona Diski 0 na Diski 1, akafomati moja. Ikawa siyo. Utafiti wote wa shamba ulikuwa humo. Kwa bahati ilikuwa fomati ya haraka, na hakuandika kitu juu yake. Programu ya TestDisk iliurudisha mpangilio wa zamani karibu wote. Tangu hapo, kwangu diski ya zamani huchomolewa kwanza, mpya ikae peke yake mpaka imalize kupangwa. Na lile swali la Windows, kwamba diski inahitaji kufomatiwa kabla ya kutumika, ungependa kuifomati? Naamini limeua picha za familia nyingi kuliko virusi. Diski tupu kutoka dukani, jibu ndiyo. Diski iliyokuwa na kitu jana, jibu ni kuchomoa na kunyamaza.

Vijana wa leo hawana jampa, wana vingine. Kuna SSD za kijiti, M.2, aina mbili zinazolingana urefu na upana. Moja inaongea SATA, nyingine NVMe. Unaweza kuisukuma ya SATA kwenye nafasi ya NVMe, ikaingia vizuri na skrubu ikakaa, na isionekane milele. Kuna laptopu za Intel ambazo ukitaka kuweka Windows, kisakinishi kinakwambia hakuna diski kabisa, wakati BIOS inaiona. Pale unatakiwa kukipa draiva ya Intel kwa flashi, maana diski imewekwa nyuma ya kidhibiti kiitwacho VMD. Nimeona diski nzima zikirudishwa madukani kwa sababu hizo mbili, na nimeona mteja akiuziwa bodi.

Haya yote nilimsimulia kijana jioni ile ya ugomvi. Nikamwambia njia ninazozijua ni mbili, "njoo kesho" ya mzee wangu au kusingizia bodi, na ya pili nitamkana nayo hadharani. Akasema hataki hata ya kwanza. Akaandika kwa makapeni kwenye kadibodi na kuibandika juu ya meza: Kupima, 10,000, hata tusipobadilisha kitu. Nilimwambia atafunga duka.

Wapo wanaosoma na kugeuza. Wanaobaki anawapa karatasi. Ameandika kila alichokigusa kwa mpangilio wa mzee asiyewahi kumwona: volti alizozikuta, tundu na kebo, BIOS imeona nini, na chini kabisa namba za SMART, saa zikiwa zimepigiwa mstari. Nilidhani wateja wataitupa njiani. Mmoja aliipeleka moja kwa moja alikonunulia diski "mpya", akarudishiwa hela yake. Wiki hii muuzaji wa pili amepiga simu kwa hasira, anataka kujua ni nani huyo anayewaandikia wateja wake saa za diski.